Kilo Mia Mbili

Tangu waingie kwenye uwanja wake wa kuuzia karavani, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari, asubuhi ile, Rodney Sproule hakuwa amemwambia Noelene Pascoe neno lolote lisilohusu jiko. Kwenye karavani ya kwanza alimwonyesha jiko la gesi, kwenye ya pili akamwonyesha jokofu, na walipofika kwenye ya tatu, ile ndefu nyeupe yenye mistari myeusi ubavuni, alimfungulia kabati la juu ya sinki kama anayemfungulia mtoto zawadi. "Vikombe vyako vyote vitaingia humu, bibie," alisema. Kisha akamgeukia Lyle, mumewe, akamshika bega, na hapo mazungumzo ya kweli yakaanza.

Noelene alishuka. Alikwenda mbele ya karavani, pale penye chuma cha kuiunganisha na gari, akachuchumaa na kuanza kusoma kibati kilichopigiliwa pembeni. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye mizani ya maghala ya nafaka hapa kwetu Dalby, akipima malori ya ngano na mtama. Madereva walikuwa wakisema afadhali kukutana na polisi kuliko kukutana na Noelene wakiwa wamezidisha. Alikuwa akitazama tu jinsi matairi yalivyokaa, na kabla lori halijapanda mizani ameshajua dereva atadanganya nini.

"Bosi," Sproule alimwambia Lyle, akicheka, "mkeo hukagua hivi hata nyama kabla hajaila?"

"Hata nyama," Lyle akajibu. Alikuwa amestaafu kazi ya machinjioni baada ya miaka thelathini, akacheka yeye zaidi ya mwenye mzaha.

"Hapa pameandikwa elfu moja mia nane na themanini," Noelene alisema bila kuinuka. "Huu ni uzito wake ikiwa tupu."

"Na pikapu yenu inaruhusiwa kuvuta elfu mbili." Sproule alimjibu Lyle, ingawa aliyeuliza si Lyle. "Hesabu ya darasa la pili, bosi. Umebakiwa na kilo mia moja na ishirini za bia."

"Maji je? Kuna matanki mawili chini hapa. Ya lita ngapi?"

"Tisini, tisini."

"Basi hizo ni kilo mia na themanini kabla sijaweka hata kijiko. Na kile kiyoyozi cha juu, na lile sanduku la chuma la nyuma, na hayo magurudumu mawili ya akiba, vilikuwepo kibati kilipopigiliwa, au vimefungwa hapa kwako baadaye?"

Kwa mara ya kwanza Sproule alimtazama usoni. Lilikuwa jicho la haraka, kisha likarudi kwa Lyle likiwa na tabasamu. "Una bahati, bosi. Mke wangu mimi hajui hata gari letu ni la rangi gani."

"Nimeuliza swali."

"Kila kitu kimo kwenye kibati, mrembo. Kibati ndiyo sheria."

Noelene alinyoosha mkono kuelekea karavani ndogo iliyokuwa peke yake kwenye ua. Alisema ile hata ikijazwa haifiki tani moja na nusu, na bei yake ni kama nusu ya hii, na pikapu yao ingeivuta ikiimba.

"Ile?" Sproule alishusha sauti kama mtu anayetaja maiti. "Ile haina choo. Bosi, unataka mvua ikinyesha, na miaka yako hiyo, ukimbie uwanjani na karatasi ya chooni mkononi?" Akamwinamia Lyle. "Ile ni ya wanafunzi. Wewe umefanya kazi maisha yako yote."

Kulikuwa na wateja wengine wawili pale karibu, nao wakageuka kutazama. Lyle aliwaona. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Noelene," alisema. "Mwache mtu afanye kazi yake. Mizani umeshastaafu."

Sproule alicheka kwa kinywa wazi mpaka meno ya nyuma yakaonekana, na wale wateja wawili nao wakatabasamu. Noelene akainuka, akapangusa vumbi magotini. Nusu saa baadaye alitia saini yake chini ya saini ya mumewe, kwa kuwa akiba ya uzeeni ilikuwa kwa majina yao wote wawili, na dola elfu hamsini na nane zikaondoka kwa kubonyeza kitufe.

Aliniambia mimi, jirani yake, siku hiyohiyo, akiwa ameegemea ukuta wa ua wetu. "Nimenyamazishwa mbele ya watu na mume wangu, Val. Kwa ajili ya choo."

&nbsp;

Kila baridi inapoanza kuuma, nusu ya wastaafu wa Dalby hufunga nyumba zao na kukimbilia pwani. Miaka yote Lyle aliwatazama wakiondoka. Safari hii alikuwa amepata nafasi kwenye kambi ya ufukweni kule Kingscliff, wiki sita.

Noelene alipakia kwa namna yake. Alileta mizani ya bafuni, akaiweka kwenye saruji kando ya mlango wa karavani, akawa anapanda akiwa mikono mitupu, kisha anapanda akiwa na kitu, anatoa tofauti. Alipima sufuria, akapima mashuka, akapima viti vya kukunja, akapima hata mfuko wa dawa za Lyle. Alirudisha ndani sufuria tatu kati ya tano na blanketi la sufu la mama yake. Alipomaliza, vyote vilikuwa kilo mia moja na kumi.

"Tuko chini ya tani mbili," alimwambia Lyle. "Kwa kilo kumi. Maji tutajaza tukifika."

"Ndiyo, mkuu wa mizani," Lyle alisema.

Siku ya safari alivuka barabara kuniletea ufunguo wa nyumba. Tulisimama dakika kumi, tukazungumza habari za paka na za kumwagilia nyanya. Nyuma yake nilimwona Lyle ameshika mpira wa maji, ameinama ubavuni mwa karavani. Nilidhani anaosha vumbi, sikusema kitu. Mpaka leo naona ningesema.

Kutoka Dalby hadi Toowoomba ni tambarare, na kwenye tambarare kila tela lina adabu. Lyle aliendesha mkono mmoja. Alipita karavani ya watu aliowafahamu, akapiga honi. Noelene alikuwa akitazama kioo cha pembeni.

"Mkia umekaa chini," alisema.

"Mkia wa nani?"

"Wa gari. Taa za mbele zinatazama juu. Simama nione."

"Noelene, tumesafiri saa nzima bila neno lolote baya. Usiiharibu."

Walipita Toowoomba, wakaanza kuteremka. Wanaoujua mteremko ule hawauzungumzii kwa mzaha. Malori ya ng'ombe huushuka polepole kama wazee kwenye ngazi. Lori moja liliwapita upande wa kulia, upepo wake ukaisukuma karavani kidogo, nayo ikarudi, ikapita pale ilipopaswa kusimama, ikarudi tena kwa nguvu zaidi. Lyle alikanyaga breki. Ndilo jambo ambalo kila mtu hufanya na ndilo baya kuliko yote. Kilo zote zilizokuwa nyuma zikamjia mgongoni.

"Achia breki! Lyle, achia! Bonyeza kile kitufe!" Kulikuwa na kitufe kidogo cha kushika breki za karavani peke yake. Noelene alijitupa kukifikia, akakibonyeza kwa kidole gumba, lakini kichwa cha gari kilikuwa tayari kinatazama ukuta wa mlima. Karavani ilikwenda kwanza, ikalala ubavu, ikavuta pikapu pamoja nayo, na upande wa Lyle ndio uliosuguana na zege la barabara kwa mita arobaini.

Kilichofuata ni kimya, halafu harufu ya gesi. Na mkono wa kulia wa Lyle ulikuwa umetoka nje ya dirisha.

&nbsp;

Hospitali ya Toowoomba ilimshona, ikamfunga mbavu, ikaunganisha mfupa wa bega. Mishipa ya fahamu ya mkono haikuunganishika. Daktari alisema wangoje, na Noelene akaelewa maana ya neno hilo kwa jinsi alivyolitamka.

Siku ya pili alikuja mkaguzi wa barabara, mwanamke mrefu aitwaye Tran, akiwa na faili kwapani. Alikaa na Noelene kwenye viti vya plastiki vya ukumbini.

"Tumepima karavani yenu kama ilivyookotwa, mama. Kilo elfu mbili mia tatu na sabini. Gari lenu mwisho wake ni elfu mbili."

"Haiwezekani. Nimepima kila kijiko."

"Matanki ya maji yalikuwa yamejaa."

Noelene aligeuza macho kuelekea mlango wa wodi.

"Mwenye jukumu ni dereva," Tran aliendelea, kwa upole. "Faini itakuja kwa jina lake. Na bima... Nisikupe matumaini. Wakishaona uzito huo hawalipi."

Noelene aliingia wodini. Lyle alikuwa macho, anatazama dari.

"Ulijaza."

Lyle alifumba macho. "Nilitaka tukifika uoge maji ya moto."

"Usiniweke mimi kwenye maji yako, Lyle. Ulijaza kwa sababu nilisema tusijaze."

Machozi ya Lyle yalishuka yakaingia masikioni kwa kuwa hakuweza kugeuka. Noelene aliyaona, akatoka. Alirudi ukumbini, akaomba karatasi kwa muuguzi, akaandika uzito wa kwenye kibati, kilo mia moja na kumi zake, na kilo mia na themanini za maji. Zilikuja elfu mbili mia moja na sabini. Akajumlisha tena. Mkaguzi alikuwa amesema elfu mbili mia *tatu* na sabini.

Kilo mia mbili hazikuwa zake wala za Lyle.

Alimpigia Sproule palepale.

"Ah, bibie! Nimesikia. Poleni sana, jamani. Bosi anaendeleaje?"

"Karavani yako ina kilo mia mbili zisizo na mwenyewe."

"Mia mbili?" Sproule alipumua kama mtu anayemvumilia mtoto. "Bibie, ninavyosikia mimi, mzee alijaza maji. Si ndiyo? Haya mambo husambaa. Na mkataba uko wazi, ukurasa wa nne: mnunuzi ndiye anayehakikisha uzito. Lakini sikiliza, mimi ni binadamu. Hayo mabaki yanawatia gharama kila siku pale yalipowekwa. Kesho asubuhi natuma lori, nayachukua, nawapa dola elfu mbili. Kwa huruma tu."

"Dola elfu mbili kwa bati lililokunjika?"

"Kwa huruma," alirudia.

"Nitamuuliza mume wangu," Noelene alisema, akakata simu. Hakwenda kumuuliza mume wake. Alichukua teksi.

&nbsp;

Wafanyakazi wa uwanja wa magari yaliyovunjika, ambako mabaki yalikuwa yamewekwa, walidhani amekuja kulia. Badala yake aliomba glavu. Karavani ilikuwa imelazwa juu ya jukwaa, dirisha moja limebaki zima. Alipanda ndani kwa magoti, akaanza kutoa: sufuria mbili, mashuka, viti, mfuko wa dawa, kila kitu alichokipima kwa mkono wake. Aliwaomba wafungue matanki, maji yakamwagika kwenye changarawe kwa robo saa. Kisha akampigia Tran, akamwambia, "Njoo uone kitu kabla hakijaibwa."

Tran alikuja. Mabaki matupu yalipandishwa mizani mbele ya macho yao: kilo elfu mbili na themanini.

Mkaguzi alipima mara ya pili. Alichungulia kibati, akagonga kile kiyoyozi, lile sanduku la chuma, ile fremu ya magurudumu mawili ya akiba. "Vyote vimefungwa baadaye," alisema. "Kibati hakikubadilishwa. Mama, mtu huyu aliwauzia kitu ambacho gari lenu halikuruhusiwa kukivuta hata kikiwa kitupu."

"Mtamfanya nini?"

"Nitaandika ripoti, na mabaki haya yasiguswe na mtu. Ripoti itakwenda makao makuu, Brisbane."

"Halafu?"

Tran alifunga faili. "Miezi minane. Labda mwaka."

"Na mwaka huo mzima ataendelea kuuza."

Noelene alivua glavu. Alikuwa akikumbuka kile kicheko, meno ya nyuma, na maneno "mizani umeshastaafu". Yale maneno hayakuwa ya Sproule. Lakini ni Sproule aliyeyapika, akayaandaa, akamwachia mume wake ayapakue. Mtu anayeweza kumfanya mwanaume amdharau mke wake kwa dakika tano ili auze bati, alifikiri, huyo hapelekwi Brisbane. Huyo anafuatwa kwake.

&nbsp;

Kila mwaka Sproule alikuwa na Jumamosi yake ya mauzo. Hufunga maputo getini, huchoma soseji na vitunguu na kuwapa watu bure ndani ya mkate, na waliolipia siku zilizotangulia huja siku hiyo kuchukua karavani zao wakipigiwa makofi.

Mita mia nne kutoka getini kwake kuna duka la chakula cha mifugo lenye mizani ya malori. Mwenye duka, Merle Shadbolt, alikuwa amezungumza na Noelene kwa simu miaka ishirini, mambo ya shehena, bila wawili hao kuonana. Noelene alipomweleza anachotaka, Merle aliuliza jambo moja tu: "Unataka kuanza saa ngapi?"

Saa mbili asubuhi Noelene alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya barabara, koti la kazi la zamani mwilini, na ubao mkubwa: PIMA KARAVANI YAKO MPYA. BURE. DAKIKA TANO.

Wa kwanza kutoka walikuwa vijana wawili, Tegan na Brock, na mtoto wa wiki tano kwenye kiti cha nyuma. Brock alitaka kupita.

"Simama bwana, ni bure," Tegan alisema. "Tujue tu."

"Tujue nini? Kibati kinasema."

"Hata mimi niliambiwa hivyo," Noelene alisema dirishani. "Mume wangu yuko hospitali pale juu. Pandeni."

Kibati chao kilisema elfu moja mia sita na arobaini. Mizani ilisema elfu moja mia nane na thelathini na tano, na ndani hamkuwa na hata kikombe. Gari lao dogo mwisho wake lilikuwa elfu moja na mia saba. Noelene aliwaandikia tarakimu zote tatu kwenye risiti ya mizani na kuwaonyesha kwa ncha ya kalamu. Brock alikuwa bado anasoma wakati Tegan ameshashuka na mtoto begani, anarudi getini kwa miguu.

Sauti yake ilisikika mpaka dukani. "Nirudishie pesa yangu! Sasa hivi! Na usiniite mrembo!"

Gari la pili likaja, na la tatu. Watu waliacha mkate wa soseji mikononi, wakawa wanatembea kwenda kutazama mizani ya Merle kama wanaotazama mechi. Kila tarakimu zilipotokea mtu alizisoma kwa sauti na wengine wakapiga mluzi. Ilipofika saa tano Sproule mwenyewe alikuja, koleo la kugeuzia soseji bado mkononi, uso unang'aa mafuta.

"Bibie, tuzungumze."

"Zungumza. Niko kazini."

"Hii ni kuharibu biashara ya mtu. Nitaita polisi."

"Waite. Waambie waje na Mkaguzi Tran, anaijua njia."

Sproule alitazama watu, akatazama simu walizozinyanyua, akamsogelea, akapunguza sauti. "Noelene." Hakuwa amewahi kumtaja kwa jina. "Nina watu tisa wanaonitegemea pale. Wana nyumba, wana watoto. Huwaonei huruma?"

"Kwani walikuwa hawajui kutumia mizani, wote tisa?"

"Unataka nini? Sema unataka nini."

Noelene aliinuka kitini. Alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. "Panda," alisema, akionyesha mizani.

"Nini?"

"Panda nikupime na wewe, Rodney. Watu wajue huwa unaongeza ngapi."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha watu arobaini. Sproule alisimama katikati yake na lile koleo. Halafu akageuka na kutembea zile mita mia nne kurudi kwake, na hakuna aliyemfuata. Mpaka adhuhuri Noelene alikuwa amepima karavani saba. Sita zilikuwa zimezidi. Nami sitamsingizia wema asioutaka: aliniambia hajawahi kula soseji tamu kama ile aliyokula mchana ule, aliyoletewa na mtu kutoka getini kwa Sproule.

&nbsp;

Barua ya mwanasheria ilifika siku nne baadaye. Sproule atarudisha pesa yote, elfu hamsini na nane, ndani ya wiki mbili. Noelene naye atasema alikosea hesabu, atafuta maelezo yake kwa mkaguzi, na hatalizungumza tena jambo hili popote.

Lyle alikuwa amerudi nyumbani. Aliisoma barua kwa mkono wa kushoto.

"Tia saini," alisema. "Noelene, nakuomba. Ni uzee wetu huu."

"Niseme nilikosea hesabu?"

"Ni karatasi tu. Sisi tutajua ukweli."

"Wewe uliujua ukweli pale uwanjani kwake. Ulinisaidia nini?"

"Nilikuwa mjinga. Unataka nipige magoti? Siwezi hata kupiga magoti, mbavu zangu..."

"Ulininyamazisha mara moja mbele ya mtu yule bure," Noelene alisema. "Sasa unataka aninyamazishe kwa malipo." Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake jina la Mkaguzi Tran.

Ripoti haikungoja mwaka. Video za Jumamosi ile zilikuwa zimefika Brisbane kabla yake. Leseni ya Sproule ilisimamishwa, benki ikashtuka, na kampuni ikafilisika baada ya miezi minne. Waliokuwa wamenunua walilipwa senti kumi na moja kwa kila dola, akina Pascoe wakiwemo. Baadhi yao walimlaumu Noelene. Mzee mmoja alimfuata mpaka kwenye foleni ya duka la dawa, akamwambia kwa sauti, "Ungenyamaza angetulipa wote." Noelene alimwambia, "Angekulipa, halafu angemuuzia mjukuu wako." Mzee akatema mate sakafuni, na mwenye duka akamwomba Noelene, si yule mzee, atoke kwanza nje.

Waliuza kiwanja cha nyuma. Noelene alirudi kazini, siku tatu kwa wiki, kwenye mizani ya maghala. Faini ya Lyle waliilipa kidogo kidogo.

&nbsp;

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Septemba, gari dogo chakavu lilisimama mbele ya nyumba yao. Nilikuwa nje namwagilia, na sikumtambua aliyeshuka mpaka aliponiamkia na kujitaja: Sproule. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwona kwenye zile video. Alivaa fulana ya duka la matairi.

Noelene alikuwa sebuleni anamvalisha Lyle. Ule mkono wa kulia ulikuwa umelala tu, mwembamba na baridi, na kila asubuhi kazi hiyo ilikuwa yake: kuupitisha kwenye mkono wa shati, kunyoosha kola, kufunga vifungo kimoja kimoja. Mlango ulipogongwa aliviacha katikati, akaenda kufungua.

Sproule hakuomba kuingia. Alisema nyumba yake imeuzwa. Alisema mke wake yuko kwa dada yake. Alisema kuna mtu yuko tayari kumwajiri kuuza magari, magari ya kawaida tu, si karavani, lakini leseni ya uuzaji haitatoka mpaka mlalamikaji mkuu aandike kwamba hana neno tena naye.

"Ni wewe," alisema. "Mistari miwili tu, Bi. Pascoe. Nimeshaiandika, unatia saini." Akamnyooshea karatasi.

Noelene hakuipokea. Alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyozoea kutazama matairi. Kisha akaacha mlango wazi, akarudi sebuleni, akapiga magoti tena mbele ya kiti cha mumewe.

"Mwandikie tu, Noelene," Lyle alinong'ona. "Mtu amekwisha huyo. Humwoni?"

"Nitamwandikia."

"Lini?"

Alifunga kifungo cha mwisho chini ya kidevu chake, akakivuta kidogo kuhakikisha kimeshika. Mlango ulikuwa wazi, nayo sauti aliyoitumia ilikuwa ya kufika barazani.

"Siku utakapolivaa shati bila mimi."

Nilimwona Sproule akiikunja karatasi mara mbili, mara nne, akirudi kwenye gari lake akiwa ameinamisha kichwa. Na kupitia ule mlango uliokuwa wazi nilimwona Lyle, kitini pake, ameinamisha cha kwake hivyohivyo.